Willy Gamba Hajafika Kitaya

Nimeambiwa niweke steringi.

Ndivyo alivyosema: "Weka steringi, dogo. Hii hadithi haina steringi." Msemaji ni bwana mmoja wa Dar es Salaam anayeuza hadithi kwa simu, kipande kwa kipande, ukitaka kujua kilichofuata unatuma hela. Nilimpelekea sura 4 za riwaya yangu inayohusu kijiji chetu cha Kitaya na usiku wa tarehe 14 Oktoba 2020. Alizisoma zote, na kwa hilo namshukuru, maana wengi hawasomi. Akasema lugha ipo, uchungu upo, mto upo, lakini hamna mtu. Nikamuuliza, hamna mtu vipi wakati kijiji kizima kimo humo? Akacheka. Alichotaka ni mtu mmoja. Mpelelezi. Atoke Dar kwa ndege, ajue bastola, ajue Kireno, awe na mwanamke upande huu na mwingine Msumbiji, na mwisho amtie mkononi mkubwa wa maadui. "Kama Willy Gamba," akasema. "Vijana wanapenda. Ukiweka, nakulipa."

Sikulala usiku ule. Tuseme kweli jamani, mwandishi chipukizi aliyeishia kidato cha nne, anayelima mpunga katika shamba la mjomba wake, akisikia "nakulipa" atalalaje? Hadi alfajiri nilikuwa nimeshampa huyo mpelelezi jina. Nilimwita Dani. Nilikuwa nimemvalisha na miwani myeusi. Nawaeleza aibu yangu ili mjue kwamba siwapigi mawe nikiwa nimekaa juu ya mti. Nawaandikia ninyi wenzangu mnaoandika, hasa wa mjini, kwa sababu najua wengi wenu akina Dani wenu wameshapanda ndege.

Kwa asiyejua, Kitaya iko mkoani Mtwara, kando ya mto Ruvuma. Ng'ambo ni Cabo Delgado, Msumbiji. Tunalima mpunga na korosho, tuna viboko wanaotumalizia mpunga na mamba wanaotumalizia watu. Ndugu tunao pande zote mbili, kwa maana mpaka huu waliuchora Wajerumani na Wareno bila kumuuliza Mmakonde hata mmoja analala wapi. Vita iliyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 tuliisikia kwanza kwa wakimbizi, tukaisikia tena mwaka 2019 Watanzania waliokwenda kulima ng'ambo walipouawa, na mwaka 2020 ikavuka mto yenyewe. Ilikuwa siku ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, wiki 2 kabla ya uchaguzi mkuu. Wenye silaha waliingia usiku, wakachoma nyumba, wakaua. IGP wa wakati huo, Simon Sirro, alisema walikuwa wapatao 300. Basi. Yaliyobaki yamo katika sura 4 ambazo eti hazina mtu.

Kabla sijamshambulia mpelelezi, niseme nisije nikaeleweka vibaya. Mimi si wale wanaokunja pua wakisikia neno "fasihi pendwa". Kuna wasomi wakimtaja Elvis Musiba wanamtaja kama mtu anayetaja ugonjwa. Mimi Musiba ndiye aliyenifundisha kusoma kitabu huku ugali unapoa. Nakala ya Kufa na Kupona iliyofika kijijini kwetu haikuwa na jalada, na kurasa za mwisho zilikuwa zimeshafungiwa karanga na mtu asiyejulikana. Kwa miaka 2 Willy Gamba wangu hakuwahi kushinda. Alibaki anakimbia katikati ya sentensi. Siku nilipopata nakala nzima Mtwara mjini na kuona kwamba ameshinda, nilifurahi, lakini kwa siri niliona kama kitabu kimepungua.

Sasa twende kwa kaka yake mkubwa, yule wa picha. Vijana wa leo mnamjua Batman, mnamjua Spider-Man, na mkiulizwa mpelelezi wa siri wa kwenye vitabu vya picha mtataja Wamarekani watupu. Mwafrika alikuwapo. Aliitwa Lance Spearman, kwa kifupi Spear, na gazeti lake liliitwa African Film. Mwishoni mwa miaka ya 60 na mwanzoni mwa miaka ya 70 lilisomwa Nairobi, Lagos, Accra na Dar es Salaam. Picha zake hazikuchorwa, zilipigwa kwa kamera, watu halisi wamepozi, na maneno yamepachikwa juu yao. Babu yangu mmoja, ndugu yake bibi, alirudi nazo 3 kutoka Dar alikokuwa mpagazi bandarini. Mpaka leo zimo katika sanduku lake la bati pamoja na cheti chake cha ubatizo. Babu hakujua Kiingereza hata chembe. Alisoma picha. Na alizisoma vizuri kuliko mimi ninayejua Kiingereza, maana aliweza kukueleza katika picha ya ngapi Spear ameudhika.

Mwone huyo Spear: kofia ya panama, tai ya kipepeo, kindevu, siga mdomoni, wiski mezani, gari Corvette Stingray. Ana msaidizi wa kike, Sonia, ana kijana wake Lemmy, ana rafiki yake polisi, Kapteni Victor. Maadui zake ni wendawazimu wenye mashine za ajabu wanaotaka kuitawala dunia, na mmojawao, Rabon Zollo, kila akishindwa anarudi. Spear anapigwa risasi hazimpati, anafungwa kamba anafunguka. Kwa kijana wa 1969 aliyezoea kumwona Mwafrika katika sinema akibeba mizigo ya Tarzan, kumwona mtu mweusi anaendesha Corvette na kumtandika ngumi kila mbaya lilikuwa jambo kubwa. Silidharau. Hata aliyepigwa zile picha, Jore Mkwanazi, kabla ya hapo alikuwa mtumishi wa nyumbani na mpiga piano wa klabu. Gazeti likampa suti.

Lakini tuulize swali ambalo babu hakuliuliza. Gazeti la nani? La Drum Publications, kampuni ya Jim Bailey, mwana wa tajiri wa migodi wa Afrika Kusini. Picha zilipigwa huko huko kusini, miaka ambayo Mandela alikuwa ameshafungwa Robben Island na Mwafrika bila kitambulisho cha kupitia hawezi kuvuka barabara. Na katika nakala zile 3 nimetafuta, nimezigeuza kwa mwanga wa kibatari na kwa mwanga wa simu, sikumwona Kaburu hata mmoja. Hakuna Mzungu. Hakuna kitambulisho. Nchi yenyewe haina jina. Ni mji fulani wa Afrika wenye barabara nzuri, wezi ni weusi, polisi ni weusi, na hakuna aliyewahi kumkosea mtu mweusi isipokuwa mweusi mwenzake. Biashara ndivyo ilivyotaka, gazeti liweze kuuzwa Johannesburg bila kupigwa marufuku na Lagos bila kutiliwa shaka. Mpelelezi hodari kuliko wote barani, mwenye uwezo wa kugundua bomu lililofichwa chini ya bahari, hakugundua kwamba aliyempiga picha anaishi mtaa ambao yeye Spear haruhusiwi kulala.

Tena angalieni miaka. Tarehe 3 Februari 1969, Dar es Salaam, Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, alipokea kifurushi. Ndani ya kifurushi kuna kitabu. Akakifungua kitabu, kikalipuka, akafa. Wengi waliwataja PIDE, polisi wa siri wa Ureno. Hebu tulia kidogo hapo, wewe unayependa wapelelezi. Kitabu ndicho kilichokuwa bomu! Msomi, mtu wa kusoma, aliuawa na kitabu kwa sababu walijua hawezi kukiacha bila kukifungua. Hakuna mtunzi wa Spear aliyewahi kubuni kitu cha kutisha hivyo. Na wiki hiyo hiyo pengine Spear alikuwa mahali fulani anafukuzana na mwendawazimu mwenye mashine ya kuvuta mvua. Mambo ya kweli ya kipelelezi yalikuwa yanatendeka katika mji ambao gazeti lenyewe lilikuwa linauzwa barabarani.

Haki yake tumpe Musiba. Alilisikia pengo hilo. Kufa na Kupona ilitoka mwaka 1974, na kisa kinaanzia Dar es Salaam kwa siri za wapigania uhuru kuibwa. Willy Gamba anatumwa Nairobi kuzifuata. Mpelelezi wa Musiba naye ana suti, ana pombe, ana wanawake, anapigana karate, yote aliyorithi kwa Spear na kwa James Bond yapo. Lakini adui amepewa jina. Ni Mreno, ni Kaburu, ni vibaraka wao. Na Dar ile si mji usio na nchi, ni Dar yenye Kamati ya Ukombozi ya OAU, iliyowekwa hapo mwaka 1963, ambayo Brigedia Hashim Mbita aliiongoza kuanzia 1972 hadi kazi yake ilipokwisha mwaka 1994. Msomaji wa Kikosi cha Kisasi (1979) au Njama (1981) alijua bastola ile inapigwa kwa ajili gani. Ben Mtobwa naye, Joram Kiango wake hakuwa hata mtumishi wa serikali, lakini katika Tutarudi na Roho Zetu? akampeleka mpaka kwa Makaburu wenyewe. Hawa walikuwa waandishi wa burudani, lakini burudani yao ilikuwa na upande. Mtobwa alifariki 2008, Musiba 2010. Nawapa heshima zangu zote, na baada ya heshima nina neno.

Neno lenyewe ni hili. Willy Gamba amefika Nairobi. Amefika Kinshasa. Katika vyote nilivyosoma sijamwona akipanda basi la kuja Mtwara. Na vita ya ukombozi, ndugu zangu, haikupita hotelini. Ilipita hapa. Ilitoka Nachingwea kwenye kambi, ikashuka mpaka Ruvuma, ikavuka kwa mtumbwi. Tangu FRELIMO walipoanza kupiga risasi tarehe 25 Septemba 1964 mpaka Samora Machel alipoianza safari yake ya ushindi kutoka Ruvuma kwenda Maputo mwaka 1975, mizigo iliyovuka mto huu ilivushwa na watu ambao hakuna mtunzi aliyewapa jina. Kusini hii ndiyo iliyotegewa mabomu ya ardhini. Kusini hii ndiyo iliyokuwa inatazama juu ikisikia ndege, haijui ni ya nani.

Bibi yangu ni mmoja wao. Mimi ananiita "mume wangu", kama bibi wote wa huku wanavyowaita wajukuu. Siku niliyomsomea sura ya Willy Gamba akiwa hotelini Nairobi, alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akauliza, "Mume wangu, huyu mtu wa siri, mbona kila mtu anamjua?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu akaanza kusimulia, na mimi nikaacha kucheka. Akasema wakati wa Wareno walikuwa wanatwanga usiku ili mchana mitungi iwe mahali pake. Mizigo ilikuja imefungwa, wakaibeba mpaka ukingoni, wakaiacha, wakarudi. Haikuulizwa ina nini. Kulikuwa na mwenye mtumbwi aliyevusha watu miaka mingi, na mkewe akajifanya hajui anakwenda wapi, na wanakijiji wakajifanya hawajui kwamba mkewe anajua. "Tulijua nani kavuka na kavukia wapi," bibi akasema. "Lakini mtu akikuuliza unamweleza habari za viboko. Mwaka huu viboko wamekula sana. Akiuliza tena, unamweleza habari za viboko tena."

Nikamwuliza mbona hakuwahi kunieleza haya, tangu nazaliwa? Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto mgumu wa kuelewa. Akasema, "Ilikuwa siri."

Wenzangu, huo ndio upelelezi. Kijiji kizima kinafanya kazi ya hatari kwa zaidi ya miaka 10, hakina Chifu wa kukitumia ujumbe, hakina bastola, hakina nauli ya ndege, na silaha yake kubwa ni mazungumzo ya viboko. Halafu mimi nichukue wino wangu nimlete Dani mwenye miwani myeusi aje kutuonyesha namna ya kutunza siri!

Narudi kwenu ninyi mnaoiga. Nimesoma hadithi zenu, nyingine ni nzuri kwa mwendo, sikatai. Ila nimegundua jambo. Ukombozi ulipokamilika 1994, mpelelezi wetu alipoteza kazi. Adui aliyempa maana aliondoka. Hapo ndipo mtunzi alipotakiwa akae chini ajiulize, je, huyu mtu sasa anatumikia nini? Wengi hamkujiuliza. Mkamwachia bastola, wiski, hoteli na wanawake, mkaondoa sababu. Yaani mmemrudisha kwa Spear. Adui amekuwa tena mwendawazimu asiye na nchi, kitambaa usoni, kicheko kirefu. Mpelelezi anatoka Dar kwenda Dubai, Dubai kwenda Johannesburg, na mtunzi mwenyewe najua hajavuka Rufiji. Mwanamke akitokea ukurasa wa 20, basi ujue ama ni mtego ama ukurasa wa 60 ni maiti. Sonia wa Spear walau alikuwa anajua karate.

Na msiniambie eti bila risasi msomaji anasinzia. Muhammed Said Abdulla alimwandika Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), mtu wa kiko na kufikiri, na wasomaji hawajasinzia mpaka leo. Lakini hili nalipita, si shabaha yangu.

Shabaha yangu ni usiku wa Kitaya. Nieleze kwa nini mpelelezi akiingia humo anaharibu, wala si kwa ajili ya uzuri wa fasihi, bali kwa ajili ya ukweli. Hadithi yake haiwezi kwenda bila mtu mmoja huko juu anayejua kila kitu. Chifu anampigia simu: adui ni fulani, atapita mahali fulani, nenda. Lakini usiku ule hakuna aliyejua. Ukimweka anayejua, unamdanganya mama aliyejifungua porini siku zile, unamwambia kumbe palikuwa na mtu anajua. Akikuuliza "alikuwa wapi?" utamjibu nini? Ndege ilichelewa?

Tena adui wa mpelelezi lazima awe mgeni. Awe na kovu, atoke mbali, azungumze lugha ya ajabu. Waliokuja Kitaya wengine walisikika wakizungumza Kiswahili. Polisi wenyewe mwaka ule walitangaza kuwakamata vijana wa Kitanzania waliokuwa njiani kwenda kujiunga na wale wa ng'ambo. Vijana wa umri wangu! Walioishia darasa niliishia mimi, au kabla yake, na pengine wakaambiwa na mtu fulani neno lile lile niliambiwa mimi: nakulipa. Sijui. Ndilo ninalolitafuta katika riwaya yangu na bado sijalipata. Ila Dani hawezi kunisaidia kulitafuta, maana kazi ya Dani ni kumpiga risasi huyo kijana katika sura ya 9, na akishampiga hakuna tena wa kumwuliza alifikaje pale.

Na kuna jambo ambalo mtu wa mjini halijui. Neno "mpelelezi" huku kwetu limebadilika ladha. Zamani kijana akiitwa mpelelezi alivimba kichwa. Baada ya ule usiku, jirani alianza kumtazama jirani. Fulani ana shangazi ng'ambo, shangazi ana mtoto, mtoto yuko wapi siku hizi? Huyu kanunua baiskeli, hela katoa wapi? Mjomba wangu aliacha kutaja jina la mpwa wake aliye Palma, hata mezani. Watu waliokuwa wanatunza siri pamoja wakaanza kutunziana siri. Bibi alisema zile habari za viboko zimerudi, lakini safari hii tunaelezana sisi kwa sisi. Hadithi hiyo ndiyo naitaka mimi. Ni ya kutisha kuliko mashine ya Rabon Zollo, na haina hata picha moja ya bunduki.

Kuna rafiki yangu mmoja, naye anaandika, tulibishana juu ya hili chini ya mkorosho mpaka giza. Alinipiga swali ambalo sina haki ya kulificha. Akasema, wewe unasema hivyo kwa sababu unaandika. Aliyekimbia usiku ule hataki kusoma tena namna alivyokimbia. Anataka kusoma kwamba kuna mtu alikuja. Mnyime kwa nini?

Ni swali zito, na nina ushahidi unaomsaidia yeye, sio mimi. Tulipokimbia, tulilala siku kadhaa mbali na kijiji, familia nyingi pamoja. Mdogo wangu wa miaka 8 hakulala. Kila tawi likivunjika anaketi. Usiku wa tatu akaniambia, kaka, nisimulie. Nikamuuliza nikusimulie nini. Akasema, ya mtu anayekuja. Ndugu msomaji, sikumwambia habari za mitungi na mitumbwi. Nilimsimulia Kufa na Kupona yote, tangu Dar mpaka Nairobi, na nikaongeza mapigano ambayo Musiba hakuyaandika. Nilimpa Willy Gamba bastola 2. Alipofika kwenye ushindi, mtoto alikuwa ameshalala. Watoto wengine 3 ambao sikujua wanasikiliza nao walikuwa wamelala.

Sijutii hata kidogo. Nikirudishwa usiku ule nitamsimulia tena. Kwa hiyo rafiki yangu anasema nimejipinga mwenyewe, na labda ni kweli. Mimi nasema hivi: nilimsimulia Willy Gamba wa Nairobi, mtu wa mbali, na mtoto alijua ni wa mbali. Sikumwambia kwamba Willy Gamba amefika Kitaya. Asubuhi yake angeamka, angetazama, angeniuliza yuko wapi, na asingeniamini tena neno lolote, hata nikimwambia nyumba yetu haikuungua. Kwa kweli haikuungua. Ya jirani iliungua.

Nimempigia yule bwana wa Dar wiki iliyopita. Nikamwambia Dani nimemfuta. Nikamweleza kwamba sura ya kwanza sasa inaanza na bikizee mmoja anahesabu watu gizani wakiwa wanakimbia, anawahesabu kwa kuwagusa vichwa, na kila akifika mwisho hesabu inakataa, anaanza tena. Nikamuuliza kama huyo hawezi kuwa steringi. Alinyamaza kidogo, nikasikia magari ya kwao yanapita. Akauliza, "Huyo bibi mwishoni anakufa?" Nikasema hafi, yupo, anapepeta mpunga hapa ninapokupigia. Akasema basi haina mvuto, ila kisa chenyewe cha kijiji kushambuliwa ni kizuri, atampa mwandishi mwingine akiandike. Anaye mmoja hodari sana, yuko Sinza.

Ikitoka nitainunua niisome. Nataka kuona huyo mtu wake atavukaje mto.